Francis Imbuga na Nchi ya Kafira

Francis Davis Imbuga, mtunzi wa tamthilia aliyesomwa na vizazi kadhaa vya wanafunzi wa Kenya, alizaliwa tarehe 2 Februari 1947 katika kijiji cha Wenyange, Maragoli. Siku hizi Maragoli ni sehemu ya Kaunti ya Vihiga, lakini Vihiga haikuwa wilaya hadi mwaka 1990. Katika utoto na ujana wa Imbuga, na hata alipokuwa ameshapata jina, mtu wa Maragoli alihesabiwa kuwa mtu wa wilaya ya Kakamega. Mji wa Kakamega ndiko kulikokuwa na afisi ya mkuu wa wilaya, mahakama, hospitali kubwa na, baada ya uhuru, makao makuu ya Mkoa wa Magharibi.

Maragoli na misheni

Mambo mawili ya kwao yalimjenga mtunzi huyu kabla hajakanyaga jukwaa. La kwanza ni shule. Wamisionari wa Kwekwa kutoka Marekani walifika Kaimosi mwaka 1902, na katika muda wa nusu karne vilima vya Maragoli na Tiriki vikajaa makanisa na shule za Friends, kama Wakwekwa wanavyojiita. Ardhi ilikuwa finyu na watu wengi mno, hata vijana wengi waliona kwamba shamba la baba haliwezi kugawanywa tena. Elimu ikawa ndiyo urithi, na aliyesoma alielekea Nairobi kutafuta kazi ya ualimu, ukarani au reli.

La pili ni matanga. Miongoni mwa Waluhya kufiwa si jambo la siku moja. Baada ya mazishi huja siku ya kunyoa nywele, ukoo unapokutana, madeni ya marehemu yanapotajwa hadharani na mambo ya wajane na watoto kupangwa. Hapo wazee husema kwa mafumbo, hutaniana, hulaumiana na kupatana mbele ya umati. Kaskazini kidogo ya Maragoli, kwa Waisukha na Waidakho wa Kakamega, ngoma ya isukuti huchezwa katika mazishi sawa na katika harusi. Mtoto aliyekulia huko hahitaji kufundishwa kwamba kilio na kicheko vinaweza kukaa uwanja mmoja. Tamthilia mashuhuri kuliko zote alizoandika Imbuga inafunguka kando ya kaburi, na ugomvi wake wa kwanza unahusu sherehe ya kunyoa.

Alliance na tamasha la shule

Kutoka Magharibi Imbuga alikwenda Shule ya Upili ya Alliance, Kikuyu. Shule hiyo ilikuwa na desturi ya kuonyesha mchezo wa Shakespeare kila mwaka, na viongozi wengi wa Kenya huru walipitia humo. Lakini jukwaa lililomfaa zaidi lilikuwa tamasha la michezo ya kuigiza la shule, lililoanzishwa mwaka 1959. Mwanzoni lilitawaliwa na shule za Wazungu na michezo ya Kiingereza. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wanafunzi Waafrika walikuwa wameanza kuleta michezo waliyoitunga wenyewe, na Imbuga alikuwa mmoja wao. Mchezo wake *Omolo* ulifika fainali, naye akatambuliwa kuwa mwigizaji bora.

Tangu hapo hakuacha kuigiza. Katika maisha yake yote alikuwa mtunzi anayeigiza, na jambo hilo linaonekana katika maandishi yake: mazungumzo ni mafupi, utani unakuja pale mtazamaji anapoanza kuchoka, na hata mhusika mdogo hupewa nafasi ya kuchekesha watu kabla hajatoka.

Chuo Kikuu, redio na runinga

Imbuga aliingia Chuo Kikuu cha Nairobi wakati wa mageuzi. Mwaka 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walikuwa wametoa waraka wa kutaka idara ya Kiingereza ivunjwe na fasihi ya Afrika, ikiwemo fasihi simulizi, iwekwe katikati ya masomo. Hoja yao ilishinda. Mwanafunzi wa mapema miaka ya 1970 hakuwa tena na sababu ya kuona aibu kutunga juu ya kijiji chake.

Vitabu vyake vya kwanza vilitoka haraka: *The Fourth Trial* mwaka 1972 na *The Married Bachelor* mwaka 1973. Ni michezo ya nyumbani, inayohusu ndoa, utasa, wivu, na msomi anayetaka kuishi kizungu huku baba yake akimngoja kijijini. Si kazi zake bora, lakini ndizo zilizomfundisha kazi. Wakati huohuo aliandika na kuigiza michezo mingi katika Sauti ya Kenya, shirika la serikali lililokuwa na redio na runinga pekee za nchi. Runinga ilihitaji mchezo mpya kila mara, wa muda maalumu, unaoeleweka na mtu asiyewahi kuingia ukumbi wa maonyesho. Vilevile ilikuwa mali ya serikali, na mwandishi aliyetaka kazi yake ipite hewani alilazimika kujua jinsi ya kusema bila kutaja. Somo hilo lilimfaa alipofika mwaka 1975.

Mwaka wa hofu, 1975 hadi 1976

Kenya ya Mzee Jomo Kenyatta ilikuwa imeshazoea mauaji ya kisiasa. Pio Gama Pinto aliuawa mwaka 1965 na Tom Mboya mwaka 1969. Machi 1975 maiti ya J. M. Kariuki, mbunge aliyewasema matajiri wapya, ilipatikana katika vilima vya Ngong. Wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana na kupigwa. Oktoba mwaka huohuo mbunge wa Butere, Martin Shikuku, alisema bungeni kwamba kuna watu wanaotaka kuliua Bunge kama walivyokiua chama cha KANU. Alipotakiwa kuthibitisha, naibu spika Jean-Marie Seroney alijibu kwamba jambo lililo wazi halihitaji uthibitisho. Wote wawili walikamatwa na polisi katika majengo ya Bunge na kuwekwa kizuizini hadi Kenyatta alipofariki. Kwa watu wa Kakamega tukio hilo lilikuwa la karibu sana: mbunge wao, aliyejulikana kwa ulimi wake mkali na vichekesho vyake, alinyamazishwa kwa sababu ya sentensi moja.

Katika hali hiyo Imbuga aliandika *Betrayal in the City*, iliyochapishwa na East African Publishing House mwaka 1976 na kujulikana baadaye kwa Kiswahili kama *Usaliti Mjini*. Aliiweka hadithi yake katika nchi ya Kafira, jina ambalo herufi zake ni zilezile za Afrika zikiwa zimepangwa upya.

Adika, mwanafunzi wa chuo kikuu, amepigwa risasi katika maandamano. Wazazi wake, Doga na Nina, wanataka kufanya sherehe ya kunyoa kaburini, na serikali inaipiga marufuku kwa kisingizio cha kulinda amani. Askari wawili, Jere na Mulili, wanatumwa kuizuia. Jere anaona hakuna ubaya wazee kumlilia mtoto wao, na kwa huruma hiyo anaishia jela. Mulili, binamu wa mtawala anayeitwa Boss, anapanda cheo. Gerezani Jere anamkuta Mosese, mhadhiri aliyewekewa dawa za kulevya za kusingiziwa kwa sababu hakuweza kufunga mdomo. Jusper, ndugu wa Adika, anachukuliwa kuwa mwenda wazimu, na kwa kuwa ni mwenda wazimu anaruhusiwa kusema yale ambayo wenye akili timamu hawathubutu.

Mulili ndiye aliyeifanya tamthilia hii ikumbukwe. Anazungumza Kiingereza kibovu, anahesabu utajiri kwa mashamba na ng'ombe wa gredi, na anamuundia njama Kabito, mjumbe mwenzake wa kamati, hadi anauawa kwa sababu ya tenda ya kupeleka maziwa chuo kikuu. Watazamaji humcheka tangu anapoingia, kisha wanagundua kwamba mtu wanayemcheka ndiye anayeamua nani aishi. Ubaya wa Kafira hauletwi na jitu la kutisha. Unaletwa na mjinga mwenye jamaa ikulu, na kila Mkenya aliyewahi kutafuta tenda alimfahamu.

Mwisho wa mchezo unastahili kuangaliwa kwa makini. Serikali inaandaa mchezo wa wafungwa kumfurahisha rais mgeni, na Jusper ndiye mtunzi. Wakati wa mazoezi bunduki zinazodhaniwa kuwa za kuigizia zinageuka kuwa za kweli, na Boss anajikuta mikononi mwa wafungwa wake. Mulili anapoulizwa, anamkana binamu yake na kutaka auawe. Jusper anampiga risasi Mulili, na Boss anaachwa hai. Wahakiki wenye msimamo mkali waliuona mwisho huo kuwa wa woga. Lakini hapo ndipo uzito wa tamthilia ulipo: mtawala anabaki na aibu ya kujua kwamba aliowatajirisha ndio wa kwanza kumuuza. Tena mtunzi aliyemuua rais jukwaani mwaka 1976 huenda asingepata nafasi ya kuandika tamthilia nyingine.

Oktoba 1976 ilionyesha jinsi mpaka ulivyokuwa mwembamba. Mwezi huo Mwanasheria Mkuu, Charles Njonjo, alitangaza kwamba hata kuwazia kifo cha rais ni kosa la jinai. Mwezi huohuo *Betrayal in the City* ilipanda jukwaa la Ukumbi wa Taifa wa Maonyesho jijini Nairobi.

Ukumbi wa Taifa na Lagos

Kenya ilikuwa imealikwa kwenye FESTAC, tamasha la pili la sanaa la watu weusi, lililopangwa kufanyika Lagos kuanzia Januari 1977. Michezo miwili ilichaguliwa: *Betrayal in the City* na *The Trial of Dedan Kimathi* ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo. Kundi la tamthilia liliongozwa na Seth Adagala. Ilikubaliwa kwamba kabla ya safari michezo hiyo ionyeshwe nyumbani wakati wa Siku ya Kenyatta.

Wasimamizi wa ukumbi walikataa kuipa muda mrefu. Jengo hilo lilifunguliwa mwaka 1952, mwaka uleule hali ya hatari ilipotangazwa, na miaka 13 baada ya uhuru bado lilikuwa mikononi mwa walowezi na vikundi vyao vya maigizo. Tarehe nzuri zilikuwa zimetengwa kwa onyesho la bale la Wafaransa na kichekesho cha kundi la Wazungu wa Nairobi. Mabishano yaliingia magazetini, na Adagala na Ngũgĩ waliitwa makao makuu ya upelelezi kuhojiwa. Michezo ya Waafrika ilipata siku chache tu, na ukumbi ukafurika.

Imbuga mwenyewe aliigiza Mulili, Nairobi na kisha Lagos. Uamuzi huo unaeleza mengi juu yake. Angeweza kujipa Jusper, mtunzi mwenzake, au Mosese, mhadhiri mwenzake. Alichukua nafasi ya mjinga, kwa kuwa humo ndimo kicheko kilipokuwa.

Miezi michache baadaye njia za watunzi hao wawili ziliachana. Ngũgĩ alirudi Kamĩrĩĩthũ, kijijini kwao Limuru, akaandika na Ngũgĩ wa Mĩriĩ mchezo wa Kikuyu, *Ngaahika Ndeenda*, ulioigizwa na wakulima na vibarua mwishoni mwa 1977. Serikali iliupiga marufuku, na tarehe 31 Desemba Ngũgĩ akakamatwa. Imbuga hakuguswa. Sababu zilikuwa zaidi ya moja. Aliandika kwa Kiingereza, ambacho mkulima hakukisoma, matukio yake yalikuwa Kafira, si Limuru, na alichekesha. Nchini Italia mwaka 1970 Dario Fo alitumia silaha kama hiyo alipomleta jukwaani mwenda wazimu kuwaumbua polisi juu ya kifo cha mshukiwa aliyeanguka dirishani. Fo alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1997. Hakuna haja ya kudai kwamba mmoja alimwiga mwenzake, kwani kichaa msema kweli ni mhusika wa kale kuliko wote wawili.

Urithi na uhamisho, 1977 hadi 1984

*Games of Silence* ilitoka mwaka 1977 na *The Successor* mwaka 1979. Ya pili ilifika kwa wakati wake. Kenyatta alikuwa amefariki Mombasa tarehe 22 Agosti 1978, baada ya miaka miwili ya njama za kubadilisha katiba ili makamu wake, Daniel arap Moi, asimrithi. Katika tamthilia hiyo mtawala mzee Chonda anatafuta atakayemfuata huku machifu wake wakichimbiana mashimo, na mcheshi wa baraza, Segasega, anawachokonoa wote.

Kisha Kafira ikarudi. *Man of Kafira* ya mwaka 1984 inamwonyesha Boss akiwa amepinduliwa na kukimbilia nchi ya watu, akiota kurejea madarakani. Idi Amin alikuwa ameangushwa Aprili 1979, na msomaji wa Afrika Mashariki hakuhitaji kuelekezwa. Hata hivyo Kenya nayo ilikuwa imebadilika. Mwaka 1982 ukumbi wa Kamĩrĩĩthũ ulibomolewa. Alamin Mazrui, mwandishi wa *Kilio cha Haki*, alitiwa kizuizini. Na tarehe 1 Agosti wanajeshi wa angani wakajaribu kupindua serikali. Walimu wa vyuo vikuu walifungwa au wakatoroka nchi. Imbuga alibaki akifundisha Kenyatta, chuo kilichopata hadhi kamili ya chuo kikuu mwaka 1985. Kutazama nchi yake kupitia Uganda lilikuwa pazia jingine, na safari hii pazia lilikuwa zito kidogo kupita kiasi: *Man of Kafira* haina ukali wa ile ya kwanza.

Aminata

Julai 1985 Umoja wa Mataifa ulifanya Nairobi mkutano wa kufunga Muongo wa Wanawake, na kwa tukio hilo Imbuga aliandika *Aminata*, iliyochapishwa mwaka 1988. Hapa aliiacha ikulu akarudi kijijini. Mchungaji Ngoya amemwachia binti yake, Aminata, ambaye ni mwanasheria, kipande cha ardhi. Kaka yake, Ababio, hataki kusikia, na mjomba wao, Jumba, mkuu wa kijiji, amebanwa kati ya wosia na mila.

Kwa mtu wa Maragoli, ambako ardhi hupimwa kwa hatua za miguu, huo haukuwa mjadala wa mkutanoni. Sheria ya Urithi ilikuwa imeanza kutumika mwaka 1981, lakini katika maboma mengi binti alibaki mgeni anayengoja kuolewa. Kati ya onyesho na kitabu kulikuja kesi ya mazishi ya wakili S. M. Otieno ya mwaka 1987, ambapo mjane wake, Wambui, alishindwa na ukoo mbele ya Mahakama ya Rufani. Kenya nzima ilibishana kuhusu mila na sheria, na *Aminata* ikawasomesha wanafunzi ubishi uleule. Ikawekwa miongoni mwa vitabu teule vya shule za upili. Mwaka 1989 Imbuga aliisuka upya *The Married Bachelor* na kuitoa kwa jina la *The Burning of Rags*, akirudia mvutano wa msomi wa mjini na baba anayedai mjukuu atahiriwe kwa desturi.

Iowa, Kigali na kurudi

Mwaka 1991 Imbuga alipata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, kwa tasnifu juu ya tamthilia za John Ruganda, Mganda aliyeishi na kufundisha Nairobi miaka mingi. Mwaka uliofuata Ruganda naye alichapisha kitabu kizima juu ya Imbuga, *Telling the Truth Laughingly*, kinachochambua jinsi kicheko kilivyomwezesha kusema ukweli. Si kawaida watunzi wawili kusomana kwa kina namna hiyo.

Riwaya yake *Shrine of Tears* ya mwaka 1993 inalipa deni la 1976: inasimulia nchi ambayo nyumba yake ya sanaa imebaki mikononi mwa wageni. Baadaye alifundisha Kigali, na Rwanda ikaacha alama katika riwaya ya *Miracle of Remera* ya mwaka 2004, inayohusu UKIMWI, na katika tamthilia ya *The Return of Mgofu* ya mwaka 2011, kuhusu jamii inayojaribu kuishi pamoja baada ya kuchinjana. Imbuga alifariki tarehe 18 Novemba 2012. *The Green Cross of Kafira*, iliyokamilisha tamthilia tatu za Kafira, ilitoka mwaka 2013. Katika muongo huohuo *Betrayal in the City* ilisomwa tena kama kitabu teule na watahiniwa waliozaliwa miaka 20 baada ya kuandikwa kwake.

Butere bila pazia

Mwaka huo wa 2013 tamasha lililomlea Imbuga liliingia katika mgogoro uliotoka Kakamega yenyewe. Shule ya Wasichana ya Butere, katika eneo alilowahi kuliwakilisha Shikuku, ilileta *Shackles of Doom*, mchezo wa Cleophas Malala juu ya ukabila na ugavi usio wa haki wa mali ya nchi. Ulizuiwa kufika ngazi ya taifa. Mwanaharakati Okiya Omtatah, mwenyewe mtunzi wa tamthilia, alikwenda Mahakama Kuu, na Jaji David Majanja akaamuru uonyeshwe. Malala baadaye alichaguliwa kuwa seneta wa Kakamega.

Aprili 2025 Butere walirudi na mchezo wake mwingine, *Echoes of War*, unaohusu vijana na utawala. Mahakama ikaamuru tena waruhusiwe. Huko Nakuru Malala alikamatwa, polisi wakarusha vitoa machozi nje ya ukumbi, na tarehe 10 wasichana wakaimba wimbo wa taifa na kuondoka jukwaani bila kuigiza.

Tofauti ya nyakati hizo mbili ni ya kinga. Mwaka 1976 Kenya haikuwa na mahakama ambayo mtunzi angekimbilia, kwa hiyo Imbuga alijificha nyuma ya nchi ya kubuni na mjinga wa kuchekesha, na mchezo wake ukaonyeshwa. Watunzi wa Butere wana Kifungu cha 33 cha Katiba ya 2010, kinacholinda uhuru wa ubunifu wa kisanaa, na kimewapa ushindi mahakamani mara mbili. Kati ya michezo hiyo miwili, ni *Shackles of Doom* pekee uliochezwa katika tamasha la taifa.